Moshi Ambao Haukuwepo

Neno garimoshi bado liko vinywani mwetu, ingawa reli inayopita katika mkoa wetu wa Songwe haikujengwa kwa ajili ya treni za mvuke. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, ukakamilika mwaka 1975, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. Ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia, na hupita kwetu Vwawa na Tunduma kabla ya kuvuka mpaka. Tangu mwanzo vichwa vyake vimekuwa vya dizeli.

Lakini siku hizi mtu yeyote mwenye simu anaweza kutengeneza picha ya treni ya kale ikipita Tunduma, wingu zito la mvuke likiwa juu yake, na picha nzima ikapakwa rangi ya kahawia kama iliyotoka kwenye sanduku la babu. Akiandika chini yake “Enzi za Mwalimu” na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, wengi wataipenda na wachache watauliza. Picha inapendeza, ila jambo lenyewe halikutokea.

Hatuandiki haya kwa kuchukia kamera wala programu za kuhariri picha. Kupiga picha za treni za zamani na kuzihariri kwa mitindo mbalimbali ni burudani nzuri, inayomfundisha kijana subira na historia kwa pamoja. Msimamo wetu ni kwamba mtindo ni halali ukimsaidia mtazamaji kukiona kilichokuwepo, lakini unapotumika kushuhudia kisichokuwepo umegeuka uongo, hata kama haukukusudiwa kumdhuru mtu.

Kwetu sisi wa Mbangala jambo hili lina uzito wa pekee. Hapa hatuna reli. Anayetaka kuona treni inambidi asafiri mpaka Vwawa au Tunduma, na wapo watoto wengi ambao hawajafika huko. Wao treni wanaijua kwa picha. Aliyekulia kando ya stesheni akioneshwa picha ya uongo atacheka, kwa sababu anajua. Mtoto wa Mbangala ataamini, kwa sababu hana kitu kingine cha kulinganisha nacho.

Treni za mvuke zenyewe

Mpiga picha asiyejua anachokipiga atadanganywa na programu yake mwenyewe, kwa hiyo tuanze na historia. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga mwaka 1893. Waingereza walianza reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, wakafika Kisumu mwaka 1901. Reli ya Kati ilianzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Katika njia zote hizo kazi ya kuvuta mabehewa ilifanywa na maji yaliyochemka.

Mwaka 1955 na 1956 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilipokea vichwa 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, Uingereza. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 252. Hakuna reli yoyote ya upana wa mita moja duniani iliyowahi kutumia vichwa vya mvuke vikubwa kuliko hivyo. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na viwili kati yake vimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Namba 5918 kinaitwa Mount Gelai na namba 5930 kinaitwa Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania: Gelai karibu na Ziwa Natron, Shengena huko Upare. Mtanzania anayekwenda Nairobi na kamera yake hukuta majina ya nyumbani yamesimama juu ya chuma.

Upande wa pili, majirani zetu wa Zambia wana makumbusho ya reli mjini Livingstone, na treni ya kitalii ya Royal Livingstone Express imekuwa ikivutwa huko na vichwa vya mvuke vya zamani. Na kwenye TAZARA yenyewe imekuwa ikipita treni ya kitalii ya Rovos Rail, kutoka Afrika Kusini hadi Dar es Salaam, yenye mabehewa ya mtindo wa kale. Hapa ndipo kishawishi kinapoingia. Mpiga picha anayaona mabehewa mazuri ya kale, lakini mbele yake kuna kichwa cha dizeli. Anajiambia kwamba akikifuta kichwa hicho na kuweka cha mvuke, picha itakamilika.

Basi na akifanye hivyo akijua anachokifanya. Tuseme amekichukua Mount Gelai kutoka Nairobi na kukiweka Tunduma. Kichwa hicho kilitengenezwa kwa reli ya upana wa milimita 1,000, na TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 haifiki upana wa kiganja cha mtu mzima, lakini inatosha kuzuia magurudumu yasikae juu ya chuma. Kwa sababu ya tofauti hiyo mizigo haiwezi kutoka Reli ya Kati kwenda TAZARA bila kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Programu ya simu haijui hilo, na wala haijali. Anayepaswa kulijua ni mpiga picha.

Mvuke, mwanga na kamera

Wapo wanaodhani kwamba kuongeza mvuke kwenye picha ni jambo dogo, kama kuongeza chumvi kwenye mchuzi. Ukichunguza namna mvuke unavyofanya kazi utaona sivyo.

Tazama birika linalochemka jikoni. Karibu kabisa na mdomo wake huoni kitu. Wingu jeupe linaanza mbele kidogo. Hapo penye utupu ndipo mvuke halisi ulipo, maana mvuke hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni matone madogo ya maji baada ya mvuke kukutana na hewa baridi. Kwa hiyo treni ileile inaweza kutoa wingu kubwa asubuhi ya baridi ya Julai na karibu lisionekane mchana wa jua kali. Moshi mweusi nao ni habari nyingine: ni dalili kwamba mafuta au makaa hayaungui sawasawa. Wingu jeupe, moshi mweusi na hewa tupu vinatuambia hali ya hewa, hali ya moto na kazi ya mchochezi wake.

Mtu mwenye macho makini hugundua wingu la kubandika. Treni inakimbia lakini moshi umesimama wima. Miti inainama upande mmoja na moshi unaelekea mwingine. Jua linapiga ubavu wa kulia wa kichwa, lakini wingu linang’aa kushoto. Kila kitu chini kina kivuli isipokuwa moshi.

Upo uhariri wa kweli ambao kwa treni hizi ni wa lazima. Kichwa cha mvuke ni cha rangi nzito na wingu lake ni jeupe. Kamera hutafuta wastani, na matokeo yake ama wingu linakuwa doa jeupe tupu, ama chuma kinakuwa shimo jeusi. Mweupe uliopotea kabisa haurudishwi na programu yoyote. Kwa hiyo mpiga picha mwenye busara hupunguza mwanga kidogo wakati wa kupiga, kisha wakati wa kuhariri huyafungua maeneo ya giza polepole. Hapo zinatokea ribiti za chuma, mafuta yaliyotiririka kwenye mikono ya magurudumu, na mara nyingi uso wa dereva aliyekuwa amefichwa na kivuli cha dirisha. Huo ndio uhariri tunaousifu. Dereva alikuwepo, kamera ikashindwa kumwona, na mhariri amemrudisha.

Mitindo na madai yake

Kila mtindo una dai lake kwa mtazamaji, na si wote wenye hatari sawa.

Picha nyeusi na nyeupe haidai mengi. Inaondoa rangi ili umbo lionekane, na kila mtu anajua kwamba dunia haikuwa hivyo.

Rangi ya kahawia inadai umri. Katika vyumba vya giza vya zamani rangi hiyo ilitokana na dawa: fedha iliyomo kwenye karatasi iligeuzwa kuwa kitu kigumu zaidi kuharibika, na picha ikadumu muda mrefu. Yaani ukahawia ulikuwa kazi ya kuhifadhi. Leo unabofya mara moja na picha ya juzi inaonekana ya mwaka 1914. Hakuna ubaya, ilimradi tarehe ya kweli iandikwe chini yake.

Kupaka rangi picha ya zamani kunadai ujuzi. Programu za akili unde hukisia. Lakini vichwa vya Mount Gelai na ndugu zake vilikuwa na rangi nyekundu iliyoiva, kama damu ya mzee, na anayetaka kuhakikisha anaweza kwenda kuviona. Programu ikivipaka kijani au vyeusi, imeandika historia ya kukisia juu ya historia inayojulikana.

Mtindo wa mchoro wa mafuta, ambao vijana wengi wanaupenda, kwa maoni yetu ndio usio na hatari kabisa. Mchoraji Mwingereza Turner alionyesha mwaka 1844 mchoro wa treni ikivuka daraja katika mvua, ambamo karibu kila kitu kimeyeyuka katika ukungu na mwanga. Hakuna anayeuleta mchoro huo mahakamani kama ushahidi. Picha ikionekana wazi kuwa mchoro, inajitambulisha yenyewe mlangoni.

Kwa hiyo tusiogope sana mitindo ya makelele. Tuangalie zaidi uhariri wa kimya, ule ambao picha inabaki kuonekana picha ya kawaida, na ndani yake kitu kimeongezwa au mtu ameondolewa.

Wanaotupinga

Wapo wenzetu wasiokubaliana nasi, na hoja zao zina nguvu. Wanasema kila picha ni uchaguzi. Ukisimama kulia umeacha kushoto. Wanasema pia kwamba hata wakongwe walibuni.

Ni kweli. Mmarekani O. Winston Link, kati ya mwaka 1955 na 1960, alizipiga treni za mwisho za mvuke za reli ya Norfolk and Western, nyingi usiku, kwa kupanga taa nyingi za kuwaka mara moja. Picha yake maarufu ya mwaka 1956, iliyopigwa Iaeger huko West Virginia, inaonyesha watu wakitazama filamu ndani ya magari yao, ndege iko kwenye kiwambo, na nyuma treni inapita na moshi wake. Mwanga wa taa zake uliifuta filamu kwenye kiwambo, hivyo ile ndege ikaingizwa baadaye kutoka negativu nyingine. Je, Link alikuwa mwongo?

Sisi tunasema hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, treni ilikuwepo, moshi ulikuwepo, watu walikuwepo, na kiwambo kilikuwa na filamu. Alirudisha kitu ambacho mwanga wake mwenyewe ulikifuta. Pili, namna alivyoitengeneza inajulikana, na leo kila anayesimulia picha ile husimulia na ile ndege. Picha yake haikupungukiwa na chochote kwa ukweli huo kutajwa. Anayetengeneza treni ya mvuke Tunduma naye aseme tu, “Hii nimeitunga,” nasi tutaitazama kwa furaha. Ikiwa picha inapoteza utamu wake mara tu ukweli unaposemwa, basi utamu wenyewe ulikuwa wa kudanganywa.

Wengine husema, “Ni burudani tu, nani ataumia?” Hoja hii inahitaji jibu refu kidogo.

Wanaofutwa

Tazama ni nini hufutwa kwanza mtu anapotaka picha ya treni ya zamani iwe “safi”. Hufutwa mama anayeuza ndizi kandokando ya reli. Hufutwa vibarua wenye sururu. Hufutwa mtu aliyesimama juu ya behewa la maji na nguo zilizojaa masizi. Kinabaki chuma kinachong’aa, wingu jeupe, na machweo. Reli inaonekana kama imejijenga yenyewe.

Lakini haikujijenga. Kwa reli ya Uganda peke yake, kumbukumbu za serikali ya kikoloni zinataja vibarua 31,983 walioletwa kutoka India, na 2,493 kati yao walikufa wakiwa kazini. Waafrika waliobeba mizigo, kufyeka na kuchimba hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Kwa TAZARA, Gongo la Mboto jijini Dar es Salaam kuna makaburi ya Wachina zaidi ya 60 waliokufa wakati wa ujenzi na kazi zilizofuata, na pembeni yao walifanya kazi maelfu ya Watanzania na Wazambia.

Rangi ya kahawia ina tabia ya kulainisha mambo. Inafanya wakati wa ukoloni uonekane kama jioni tulivu, ambapo kila mtu alikuwa na kofia nzuri na tiketi ya daraja la kwanza. Na kuweka mvuke kwenye TAZARA kunaifanya reli iliyojengwa na mataifa huru ionekane kama kitu kilichoachwa na mkoloni. Anayebandika moshi ule hakukusudia kusema hivyo, lakini picha yake inasema. Aliyeumia ni fundi mstaafu ambaye kazi yake imepewa mtu mwingine, na mjukuu wake anayekua akiamini hivyo.

Tunakwenda wapi

Amri ya nane inatukataza ushuhuda wa uongo. Tumezoea kuifikiria mahakamani au kwenye umbea wa jirani, lakini picha nayo ni shahidi, tena shahidi anayeaminiwa haraka kuliko maneno. Maparokia yetu yanasherehekea jubilei na kuandaa vitabu na mabango. Waseminari wenye simu nzuri ndio wanaoombwa kutengeneza picha hizo. Leo ni treni. Kesho ni kanisa la kwanza la nyasi, ambalo linaongezewa mnara ili lipendeze, au katekista wa zamani anayeondolewa kwenye picha kwa sababu hakuvaa viatu. Mkono uliozoea kubandika moshi hautaona ugumu kumfuta katekista.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji fedha wala mtambo.

Kwanza, picha ya asili itunzwe kama ilivyotoka kwenye kamera, na uhariri ufanyike kwenye nakala. Pili, kila picha iandikwe mahali, tarehe, na namba ya kichwa cha treni kama inaonekana. Namba hiyo ni jina lake. Tatu, uhariri unaoongeza au kuondoa kitu utajwe kwa maneno machache chini ya picha: “moshi umeongezwa”, “rangi ni za kukisia”. Nne, watu wasifutwe. Kama mtu anaharibu mpangilio wa picha yako, basi subiri apite, au badilisha mahali pa kusimama, au umkubali.

Na kwa vijana wa Songwe wanaotamani mvuke, tunawaambia msisubiri mvuke. Dizeli ya TAZARA nayo inazeeka. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinakimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na siku itafika ambapo watoto watauliza dizeli ilikuwaje, kama sisi tunavyouliza kuhusu mvuke. Nendeni Vwawa na Tunduma mzipige picha kwa ruhusa ya wahusika, pamoja na watu wake, vumbi lake na kutu yake. Wapo wazee wastaafu wa reli wanaokumbuka kazi ile kwa majina. Wapelekeeni picha zenu kabla hamjazihariri, muwaulize wanaona nini. Watawaonyesha mambo ambayo ninyi mlikuwa mmekwisha kuyafuta.